Mwenye Nyumba ya Umma

Kila nyumba ina mwenyewe. Mpita njia akiona nyumba nzuri, swali la kwanza limjialo si la mawe yake wala la paa lake, bali ni hili: ya nani? Kwa Wajaluo waishio kandokando ya Ziwa Victoria, ambalo wao huliita Nam Lolwe, swali hilo halikuachwa libahatishwe. Mtu aliyetaka kuanzisha boma lake alitoka alfajiri katika boma la baba yake, akiongozwa na mzee wa ukoo na kufuatana na mkewe na mwanawe wa kwanza. Walichukua shoka, moto na jogoo. Wakaenda mahali palipochaguliwa, na kabla ya usiku kuingia kibanda kilikuwa kimesimama. Tangu hapo hapakuwa na haja ya kuuliza boma lile ni la nani. Moto wa mwenyewe ulikuwa umewaka hapo, jogoo wake alikuwa amewika hapo, na yeye alikuwa amelala hapo.

Lakini ziko nyumba ambazo hakuna mtu aliyezipelekea jogoo. Stesheni ya reli, soko, mahakama, shule ya serikali, hospitali: hizi zote hujengwa kwa fedha nyingi na mikono mingi, na siku zikifunguliwa watu hupiga makofi. Tukiuliza ni za nani, twajibiwa upesi kuwa ni za umma. Na jibu hilo, kama majibu mengi ya upesi, huliacha swali palepale lilipokuwa. Umma hauna jina la baba wala la ukoo. Umma haulali mahali pamoja, hauamki kufagia ua, wala hautoki nje usiku kutazama kama lango limefungwa. Basi nyumba ya umma ni ya nani hasa? Ni ya aliyeitoa, au aliyeiomba, au aliyeifungua, au ya mtu mwingine ambaye jina lake halikuandikwa popote?

Mji wa Kisumu wafaa sana kwa swali hili, kwa kuwa tangu siku zake za kwanza watu wamekuwa wakiupa majina ambayo wenyeji wake hawakuyaomba. Reli iliyotoka Mombasa ilipofika ziwani mwezi wa Desemba 1901, kituo kiliitwa Port Florence, kwa heshima ya Florence Preston, mke wa mmoja wa wahandisi walioijenga. Jina hilo likapigwa chapa katika ramani. Hata hivyo watu waliokuja ufukoni na samaki, nafaka na vyungu vyao waliendelea kusema Kisumu, jina linalohusishwa na mahali pa kubadilishana vyakula, na baada ya miaka michache ramani zenyewe zikasalimu amri. Kadhalika katikati ya mji umesimama mnara wa saa uliojengwa na wana wanne wa Kassim Lakha, mfanyabiashara aliyefika Afrika ya Mashariki mwaka 1871 na kufariki Kampala mwaka 1910. Gavana Robert Brooke-Popham aliufunua mnara huo mwezi wa Agosti 1938. Jina la marehemu na majina ya wanawe yamechorwa juu ya kibao. Nadhani ni wachache mno miongoni mwa wapitao ambao wamewahi kusimama wakayasoma. Lakini mnara haukulalamika kwa kusahauliwa. Wana walitaka kumkumbuka baba yao, na katika kumkumbuka wakawapa watu wasiomjua kitu cha kuwafaa. Huo ni utoaji ulio mwepesi kuuelewa.

Nyumba za afya ndizo ngumu. Mtu aingiapo sokoni huingia na nguvu zake, na akikataliwa aweza kwenda soko jingine. Aingiapo hospitalini huingia akiwa dhaifu, pengine akibebwa. Na yule mwenye ufunguo wa mlango wa mgonjwa ana mamlaka makubwa kuliko mfalme. Kwa hiyo, tangu zamani, wenye mamlaka wamependa kuonekana wamesimama mbele ya milango ya namna hiyo.

Tazama, kwa mfano, jinsi mambo yalivyokuwa Ujerumani. Katika vilima vya Homa, kusini ya Ghuba ya Winam, maji ya moto hububujika kutoka ardhini. Katika nchi ya Ujerumani ziko chemchemi za namna hiyo nyingi, na watu walikwenda kuoga na kunywa maji yake ili wapone baridi yabisi na maradhi mengine. Miji ilikua juu ya chemchemi hizo, na kila mji ukajijengea nyumba kubwa ya kupokea wageni. Katika mji wa Wiesbaden mtaalamu wa ujenzi aitwaye Friedrich von Thiersch alibuni nyumba yenye kuba refu na nguzo za mawe sita mbele ya mlango, na juu yake maneno ya Kilatini yanayotaja maji ya kabila la kale la mahali hapo. Mfalme Wilhelm wa Pili alikuja mwenyewe kuifungua mwaka 1907. Ilikuwa nyumba ya umma, maana mji ndio ulioijenga. Lakini nyumba kama hizo ziliupokea kwanza umma wenye fedha: waliokuja kusikiliza muziki, kula vizuri na kuonana. Katika nyumba iliyotangulia hiyo mahali pale, chumba cha kamari kilikuwa na sifa kuliko maji yenyewe. Dostoevsky, mwandishi maarufu wa Kirusi, alipoteza fedha zake katika kamari ya mji huo mwaka 1865. Mwosha mashuka wa Wiesbaden aliyeumwa na magoti hakuwa na nafasi kubwa chini ya kuba lile. Neno umma lilikuwapo, ila mlango ulikuwa mwembamba.

Huku kwetu mlango ulipunguzwa kwa kipimo kingine. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson alitumwa na serikali ya Uingereza kuchungua habari za afya katika miji ya Afrika ya Mashariki. Shauri lake lilikuwa kwamba Wazungu, Wahindi na Waafrika watengwe katika makazi, kila watu mahali pao, na uwanja mtupu uachwe katikati. Shauri hilo liliitwa shauri la afya. Nyakati hizo ugonjwa wa malale ulikuwa umekwisha kuangamiza watu zaidi ya 200,000 upande wa Uganda wa ziwa, na tauni ilikuwa ikitisha miji; hofu ya maradhi ilikuwa ya kweli. Lakini dawa iliyoandikwa ilikuwa kwamba mtu mmoja alindwe na mwenziwe, si kwamba wote walindwe na ugonjwa. Hospitali za serikali zikafuata mkondo huohuo: Mzungu kwake, Mhindi kwake, Mwafrika kwake. Hata mbu walipaswa, nadhani, kujifunza mipaka.

Kwa hiyo Kenya ilipopata uhuru mwezi wa Desemba 1963, hospitali haikuwa jengo tu. Ilikuwa ahadi. Mwaka 1964 Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa waziri katika serikali mpya, alikwenda Moscow, na dola ya Kisovieti ikakubali kuijengea Kenya hospitali katika mji wa Kisumu, iwe zawadi. Mahali palichaguliwa kando ya barabara iendayo Kakamega. Jengo halikupewa kuba wala nguzo za fahari. Lilikusudiwa kufanya kazi, nalo likaitwa Hospitali Mpya ya Nyanza, kwa kuwa mji ulikwisha kuwa na hospitali nyingine ya zamani ya serikali.

Ila ujenzi ulipokuwa ukiendelea, urafiki wa viongozi ulikuwa ukibomoka. Odinga, ambaye alikuwa Makamu wa Rais tangu 1964, alijiuzulu mwaka 1966 na kuongoza chama kipya cha upinzani, Kenya People's Union. Tarehe 5 Julai 1969 Tom Mboya, waziri na mzaliwa wa watu wa kisiwa cha Rusinga, aliuawa kwa risasi jijini Nairobi, na nchi yote ya Wajaluo ikajaa msiba na hasira. Uchaguzi mkuu ulikuwa karibu. Katika hali hiyo Rais Jomo Kenyatta alikuja Kisumu tarehe 25 Oktoba 1969 kuifungua hospitali.

Yaliyotokea siku hiyo yamesimuliwa mara nyingi. Umati ulikuwa mkubwa, wengine wamekuja kushangilia na wengine kuzomea. Kenyatta na Odinga, waliokuwa wandugu katika kupigania uhuru, walirushiana maneno makali mbele ya watu wote. Mawe yakarushwa. Walinzi wakafyatua risasi katika umati, na msafara wa Rais ulipokuwa ukiondoka risasi ziliendelea kuwapata watu waliokuwa kando ya barabara. Watoto walikuwa miongoni mwa waliokufa. Serikali ilitangaza kuwa waliokufa ni 11; wenyeji na waandishi wa baadaye wametaja hesabu kubwa zaidi sana. Siku chache baadaye chama cha Odinga kilipigwa marufuku, na yeye na wenzake wakatiwa kizuizini. Alifunguliwa mwaka 1971. Kenyatta hakurudi Kisumu hadi alipofariki mwaka 1978.

Hivyo ndivyo nyumba ya kuponya ilivyofunguliwa. Kijana asomaye habari hii kwa mara ya kwanza huenda akaitafuta methali ya kumfariji, na iliyo karibu ni ile ya fahali wawili na nyasi. Mimi siipendi mahali hapa. Methali hiyo ni ya kweli, lakini husema nyasi ziliumia kana kwamba ziliumia zenyewe. Haimtaji aliyefyatua wala aliyeamuru. Hulinganisha jiwe na risasi, tusi na mauti, na vitu hivyo havilingani. Kuzomea mgeni ni utovu wa adabu, na kurusha jiwe ni kosa. Kumwua mtoto aliyesimama kando ya njia ni jambo la mizani nyingine kabisa, na hakuna cheo kiwezacho kuipunguza mizani hiyo.

Sasa turudi kwenye swali letu. Siku ile walikuwapo watu watatu waliokuwa na dai juu ya jengo, na kila dai lina sababu zake.

Wa kwanza ni mtoaji. Dola ya Kisovieti ilitoa fedha, vifaa na mafundi. Lakini zawadi ambayo mtoaji wake hubaki kuwa mwenyewe si zawadi. Ni amana, au ni mkopo, au ni chambo. Watu wa siku zile walisema kwamba hasa ilikuwa chambo, maana mataifa makubwa ya mashariki na magharibi yalikuwa yakishindana kuzivuta nchi changa kwa barabara, shule na hospitali. Hapana shaka ushindani huo ulikuwapo. Lakini je, nia ya mtoaji huingia katika kitu kilichotolewa, kama chumvi iingiavyo majini? Sindano iliyonunuliwa kwa nia ya kujipatia marafiki hushusha homa sawasawa na sindano iliyonunuliwa kwa huruma tupu. Nia ni hesabu ya mtoaji na dhamiri yake. Mgonjwa hadaiwi hesabu hiyo, wala hapaswi kuilipa kwa utii.

Wa pili ni mwombaji. Odinga alisafiri, akasema, akasihi, na pasipo yeye yamkini jengo lisingekuwapo. Watu wa Kisumu walilijua hilo, na walikuwa na haki ya kumshukuru. Bali shukrani ni kitu kimoja na milki ni kitu kingine. Mzee amwombeaye kijana nafasi ya shule hawi mwenye akili ya kijana yule. Tatizo la shukrani ni kwamba huwa tamu kwa apokeaye, na anayeizoea huanza kuihesabu kama mavuno ya shamba lake.

Wa tatu ni mfunguzi. Serikali ndiyo yenye ardhi, ndiyo ilipayo madaktari na wauguzi, na Rais alikuja kwa niaba yake. Dai hili lina nguvu kuliko mengine mbele ya sheria. Hata hivyo mkasi ukatao utepe haukati hati ya milki. Mfunguzi wa nyumba ya umma ni kama mjumbe aletaye ufunguo uliotumwa kwa mwenyewe. Akisimama mlangoni na kuuliza ni nani awezaye kustahili kuupokea, amesahau kazi iliyomleta.

Twaona, basi, kwamba madai haya matatu, ingawa yalipingana, yalikuwa na jambo moja la kushirikiana: kila dai lilichukulia kwamba jengo ni deni, na kwamba wagonjwa wa Nyanza watalilipa kwa mtu fulani. Ugomvi ulikuwa juu ya nani alipwe. Ndiyo sababu maneno ya siku ile yalikuwa machungu hivyo. Watu hawagombani namna hiyo juu ya vitanda na dawa. Hugombana namna hiyo juu ya kura.

Liko dai la nne, ambalo halikusemwa kwa sababu waliolistahili hawakuwa na ulimi tena. Ni la wale waliokufa. Je, nyumba yaweza kuwa safi wakati kizingiti chake kimetiwa damu siku ya kwanza? Wako waliosema kwamba habari hiyo ingeachwa ilale, kwa kuwa kuikumbusha ni kuamsha chuki kati ya watu wapaswao kuishi pamoja. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Ziko kumbukumbu ambazo hutunzwa kama mkuki, ili zitumike tena. Lakini kunyamaza hakukuponya. Kwa miaka mingi jambo hilo lilisemwa majumbani kwa sauti ya chini, na lisemwalo kwa sauti ya chini hukua bila kusahihishwa. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipotoa ripoti yake mwaka 2013, mauaji ya Kisumu yaliandikwa humo pamoja na maovu mengine ya nchi. Daktari haponyi jeraha kwa kulifunika kabla ya kulisafisha. Na hospitali, kuliko nyumba yoyote nyingine, ingepaswa kulijua hilo. Mimi naona wafu wa siku ile wana haki hii juu ya jengo: lisimame, lifanye kazi, na habari zao zisimuliwe bila kupunguzwa wala kutiwa chumvi.

Ajabu moja yastahili kutajwa. Jina rasmi la hospitali lilikuwa la mkoa, na siku hizi ni la Jaramogi Oginga Odinga mwenyewe: dola iliyomweka kizuizini kwa sababu ya juma lile ilifikia kuliandika jina lake juu ya lango. Lakini mwambie dereva wa matatu akupeleke kwa jina lolote kati ya hayo, na huenda akatulia kwanza kufikiri. Mwambie Russia, na atakushusha mlangoni. Dola ya Kisovieti ilivunjika mwaka 1991, na bendera yake haipepei popote. Jina la watu wake limebaki katika vinywa vya wachuuzi wa Kibuye na Kondele, pasipo amri ya mtu. Wenyeji walimshukuru mtoaji kwa namna yao, bure, bila kuapa utii kwake. Nao walifanya hivyo kwa wepesi ambao wakubwa wa siku ile hawakuuweza.

Hata baada ya kuwaondoa wenye madai, swali halijakwisha, maana hapo ndipo mtu mwingine hutokea na kusema: ikiwa nyumba si ya mtoaji, wala ya mwombaji, wala ya mfunguzi, bali ni ya wote, basi si ya mtu, na kisicho cha mtu huibwa. Husema hivyo kwa ushahidi. Katika hospitali za umma shuka zimewahi kupotea, dawa zimewahi kuonekana zikiuzwa kando ya barabara, na bomba livujalo huweza kuvuja muda mrefu huku kila apitaye akidhani limekwisha kuripotiwa. Kile tuitacho cha wote mara nyingi hutendewa kama mzoga.

Lakini hoja hii yathibitisha kinyume cha inavyokusudia. Yathibitisha kwamba umilki wa umma si hali ambayo jengo huwa nayo mara moja kwa sababu ya kutangazwa; hupatikana na hupotezwa kila siku. Bomba likivuja na asiwepo wa kuliziba, siku hiyo jengo limepungua kuwa la umma. Muuguzi wa zamu ya usiku akimpokea mtu mwenye nguo chafu kama ampokeavyo mwenye nguo safi, limeongezeka. Serikali nayo huongeza na hupunguza. Mwaka 1965 iliwaondolea Wakenya malipo ya matibabu ya kwenda na kurudi nyumbani katika zahanati na hospitali zake. Mwezi wa Desemba 1989 ilianza kuwataka wagonjwa wachangie gharama. Wenye hesabu walikuwa na sababu zao, kwa kuwa dawa hainunuliwi kwa maneno. Hata hivyo kwa mtu asiye na shilingi, ukuta ule uliojengwa kwa zawadi ulikuwa umerudi kuwa kama ule wa Wiesbaden. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, imetamka kwamba kila mtu ana haki ya kiwango cha juu cha afya kiwezacho kufikiwa, na kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Angalia kwamba haikusema kila mwenye shukrani, wala kila mpiga kura, wala kila mwenyeji. Imesema kila mtu.

Na hao watu huja. Hospitali hiyo hupokea wagonjwa waliopelekwa kutoka hospitali ndogo za wilaya nyingi, nao hufika kutoka Seme na Nyakach, kutoka Vihiga, Kakamega na Kisii. Mwanamke aliyetoka Vihiga usiku na mtoto mwenye degedege mgongoni huenda hajawahi kusikia habari za tarehe 25 Oktoba 1969. Hajui jengo lilitolewa na nani. Baba yake pengine alikipigia kura chama kimoja na babu yake kingine. Akifika langoni hupiga hodi kwa sauti kubwa, kama apigavyo hodi kwao, na hukasirika akicheleweshwa.